Simu Imejifunza Kiswahili, Saa Yake Bado

Mitihani imekwisha, usingizi umerudi, na sasa naweza kuandika jambo lililonikaa kichwani muhula mzima, tangu tulipoanza somo la usanifu wa programu.

Chukua simu yako. Nenda kwenye mipangilio, badilisha lugha iwe Kiswahili. Menyu zitageuka: Ujumbe, Anwani, Kamera, Mipangilio. Safi kabisa. Sasa tazama saa. Kama hapo ulipo ni saa mbili asubuhi, simu itakuandikia 8:00. Maneno yamehamia kwetu, saa imebaki ilikotoka.

Wengi hawaoni ajabu yoyote hapo, tumezoea. Lakini mimi nadhani katika hizo saa sita za tofauti kuna jambo ambalo sisi wanafunzi wa kompyuta tunapitishwa juu juu tu. Tunafundishwa kwamba programu hujengwa kwanza, kisha maneno yote yanakusanywa katika faili moja na kupewa mtafsiri. Lugha inakuwa kama rangi ya nyumba: fundi anamaliza kuta, paa na madirisha, ndipo anaitwa mpaka rangi. Mimi siamini tena hivyo. Lugha iko kwenye msingi, na ukiileta mwishoni utalazimika kubomoa ukuta.

Tuanze na hiyo saa. Hapa kwetu karibu na ikweta jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, na kuzama vivyo hivyo. Kwa hiyo ni jambo la akili kuanza kuhesabu mchana unapoanza: saa moja ni saa ya kwanza baada ya kukucha, saa kumi na mbili jioni mchana umekwisha, unaanza kuhesabu usiku. Wahabeshi nao huhesabu hivyo. Mtu wa London hawezi, maana jua lake la Desemba na la Juni haviko karibu hata kidogo. Saa yetu si kosa la watu wasiojua kusoma saa. Ni usanifu, na ni usanifu unaofaa mahali ulipozaliwa.

Halafu tazama saa ya ukutani, ile ya mishale. Mshale mfupi ukiwa kwenye 8, upande wa pili kabisa, mkabala nao, kuna 2. Wazee wengi husoma hivyo bila kupiga hesabu: jicho linavuka uso wa saa na kusoma nambari ya ng'ambo. Kifaa kimoja, jamii mbili za watumiaji, na hakuna aliyelazimika kubadilisha mipangilio yoyote! Ilipokuja saa ya tarakimu tupu, ile ng'ambo ikapotea. Sasa lazima utoe sita kichwani, au uongeze. Sijamsikia mtu akilalamika, lakini kitu kilipotea hapo, na aliyekiondoa hakujua kwamba kilikuwapo.

Utasema hili ni jambo dogo la kuchezea akili. Sikiliza basi. Shangazi yangu anaishi Malindi. Zahanati moja ya huko ilianza kutuma ujumbe mfupi kuwakumbusha wagonjwa siku ya kliniki, jambo zuri sana. Ujumbe ulikuwa umetafsiriwa na mtu aliyepewa faili la maneno bila kuonyeshwa programu yenyewe. Ulisema: miadi yako ni saa 8:00 asubuhi. Sasa wewe unayesoma Kiswahili, saa nane asubuhi ni saa ngapi? Haipo. Kuna saa nane ya mchana na kuna saa nane ya usiku. Shangazi akachagua ile iliyo na akili, akafika saa nane mchana. Daktari alikuwa ameondoka. Mhudumu akamwambia, mbele ya watu, kwamba akina mama hawasomi ujumbe wanaotumiwa. Akarudi nyumbani na dawa za shinikizo la damu zimebaki za siku mbili, na miadi mpya ya wiki iliyofuata.

Kilichoniuma ni kwamba shangazi mwenyewe alikubali lawama. Alisema labda hakusoma vizuri. Alisoma vizuri! Ni ujumbe ulioandikwa vibaya. Mwaka 1988 Donald Norman, msomi wa saikolojia aliyeanzia uhandisi wa umeme, alitoa kitabu ambacho leo kinaitwa The Design of Everyday Things. Humo anaeleza kwamba msanifu ana picha moja ya kifaa kichwani mwake, mtumiaji ana yake, na wawili hawa hawazungumzi ila kupitia kifaa chenyewe. Anaeleza pia jinsi watu wanavyojilaumu kifaa kinapowashinda, wakati kosa liko kwenye usanifu. Tulisoma hayo darasani kwa mifano ya milango na majiko ya umeme. Mlango wa Norman kwa shangazi yangu ulikuwa ujumbe wenye herufi zisizofika 160.

Na wapo waliomsikiliza mtumiaji wakafanikiwa, tena hapa hapa nyumbani. M-Pesa ilipojaribiwa mwaka 2005 ilikuwa imekusudiwa wakopaji wadogo walipe mikopo yao kwa simu. Wale wa majaribio wakaanza kuitumia kwa mambo yao, ikiwemo kutumiana pesa wao kwa wao. Wasanifu wangeweza kusema watu hawa wanatumia vibaya. Badala yake walitazama, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikauzwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Yaliyofuata mnayajua.

Turudi kwenye lugha, maana saa ni mfano mmoja tu. Waandishi wenzangu wa programu, angalieni hili. Kwa Kiingereza neno moja la kusema kitu kimefutwa linatosha kwa kila kitu. Mwandishi anaandika msimbo mmoja: weka jina la kitu hapa, kisha bandika lile neno. Mlete Mswahili sasa. Picha imefutwa. Picha tatu zimefutwa. Jina limefutwa, majina yamefutwa. Kitabu kimefutwa. Ujumbe umefutwa. Mtumiaji amefutwa (maskini). Mtafsiri akipewa nafasi moja tu ataandika "imefutwa" na kuomba Mungu. Ndiyo maana programu nyingi za Kiswahili zinasomeka kama mtu aliyeshuka meli jana.

Mitambo ya kutafsiri programu inajua umoja na wingi. Haijui ngeli. Unaweza kuandika sentensi nzima kwa kila aina ya kitu, na mara nyingine hakuna njia nyingine. Lakini tulipokuwa tukifanya mradi wa kikundi, mwenzetu mmoja, msichana wa kutoka Lamu ambaye kwa kawaida hasemi mengi, aliuliza: kwani lazima kile kitu ndicho kiwe mtenda? Mwambie mtu, "Umefuta picha 3." "Umefuta ujumbe 1." "Umefuta jina 1." Kitenzi hakigusi ngeli tena, kinamfuata mtu. Tatizo likaisha kwa swali moja. Na kuna faida ambayo hatukuitafuta: sentensi sasa inasema nani amefanya nini. Ile ya kwanza ilificha mtendaji. Tulipoigeuza kwa ajili ya Kiswahili, hata ile ya Kiingereza tukaigeuza, ikawa bora.

Hapo ndipo fikra zangu zilipohama. Nilikuwa nimezoea kusikia kwamba Kiswahili ni mzigo ambao programu lazima iubebe. Kumbe kufikiri kwa Kiswahili wakati wa kusanifu, si baada, kunakuonyesha nyufa ambazo Kiingereza kinazifunika.

Najua mtakaloniambia. Kenya watu wanasoma Kiingereza, vijana wa Nairobi wakipanga kukutana hutaja saa kwa Kiingereza, saa ya Kiswahili itajifia yenyewe. Kwanza, Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kwa hiyo anayejenga mfumo wa huduma za umma hamfanyii mtu hisani. Pili, msikilizeni vizuri huyo kijana wa Nairobi. Akitaja saa kwa Kiingereza anahesabu kutoka usiku wa manane. Dakika hiyo hiyo akimpigia nyanya yake simu atasema "nitafika saa mbili" na hatakosea. Hageuzi saa, anageuza lugha, na saa inaifuata. Hilo ndilo programu zetu hazijalielewa.

Kuna rafiki yangu aliyependekeza njia ya mkato: wekea simu ukanda wa saa ulio nyuma kwa saa sita, basi. Jaribu uone. Sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia, sasa umejiweka saa tatu nyuma yake, na saa kumi na moja alfajiri simu itasema bado ni jana. Tarehe za malipo zitavurugika zote. Hapana. Ndani ya hifadhidata acha saa ya dunia kama ilivyo, hiyo ni ya mashine. Unapomwonyesha mtu ndipo ugeuze: chukua saa, ongeza sita, gawanya kwa kumi na mbili, andika kinachobaki, kikibaki sifuri andika kumi na mbili. Na andika kwa maneno, si kwa tarakimu. "Saa mbili asubuhi" kila msomaji wa Kiswahili anaielewa kwa njia moja. "8:00" kila mtu anaisoma anavyojua. Kama nafasi ipo, weka zote mbili. Ni mistari michache ya msimbo, na ingemfikisha shangazi kliniki.

Tusidharau kazi iliyotangulia. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na waliofanya kazi ile walipigana na neno moja moja. Leo ukiiomba programu ya akili bandia ikutafsirie faili zima, inamaliza kabla chai haijapoa. Kasi hiyo ndiyo inanitia wasiwasi kidogo, maana mashine inatafsiri ulichoipa. Ukiipa sentensi iliyokwisha kukatwa vipande, itakurudishia vipande vya Kiswahili.

Mimi kwa sasa nimekwama kwenye jambo moja katika kile kipande changu cha kugeuza saa. Nambari si taabu. Taabu ni neno linalofuata. Alfajiri inaishia wapi na asubuhi inaanzia wapi? Mchana unakuwa jioni saa ngapi, na alasiri niiweke au niiache? Nimewauliza wanafunzi wenzangu. Wa Mombasa na Lamu wanataka alfajiri na alasiri ziwepo, na mipaka wanaipata kwenye adhana. Wa Nakuru wanasema asubuhi inaanza ukiamka. Wewe kwenu mnasemaje, saa kumi na moja kabla ya kukucha mnaiita nini?