Sayansi Si Uganga wa Wageni

Tarehe 12 Desemba, mwaka 1970, roketi moja nyembamba ilipaa kutoka jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, ikichukua chombo chenye uzito wa karibu kilo 140. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 tangu ijitawale. Bibi Marjorie Townsend, Mmarekani aliyekuwa msimamizi wa kazi ile, akakipa chombo hicho jina la Uhuru, kwa kuwashukuru wenyeji kwa ukarimu wao. Hivyo neno letu lililozoea kutamkwa katika mikutano ya hadhara likaingia katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima, na limo humo mpaka leo.

Tumeanza na habari hiyo ya zamani kwa makusudi. Wapo miongoni mwetu, tena si wajinga, ambao wakisikia redioni kwamba chombo kimetua mwezini au kwamba kinga mpya ya maradhi imepatikana, hutikisa kichwa na kusema, "Hayo yana wenyewe." Husema hivyo kana kwamba sayansi ni uganga wa kabila fulani, na siri yake hurithiwa kwa damu. Sisi tunasema fikira hiyo ni pingu, tena ni mbaya kuliko pingu za chuma, maana aliyefungwa nayo haoni kuwa amefungwa. Leo twataka kueleza mambo mawili, moja la angani na moja la kitandani kwa mgonjwa, ili kila mwanachama na kila mfanyakazi ajionee kwamba yote mawili yamepita katika nchi zetu, na kwamba yote mawili yanatudai wajibu.

Mfanyakazi yeyote aliyepata kupelekwa hospitali kupigwa picha ya kifua aijua eksirei. Ni nuru isiyoonekana kwa macho, yenye nguvu ya kupenya nyama na kuzuiwa na mfupa. Nuru ya namna hiyo hiyo hutoka mahali pengi angani. Lakini hewa inayoizunguka dunia huizuia isitufikie, na ni heri kwetu, kwa kuwa ingetudhuru. Kwa hiyo atakaye kuitazama mbingu kwa eksirei hana budi kupeleka jicho lake juu ya hewa. Kazi hiyo ndiyo iliyofanywa na Uhuru, chombo cha kwanza kuzungushwa duniani kwa shughuli hiyo tu. Kilitumika mpaka mwaka 1973, na orodha iliyotokana nacho inataja mahali 339 panapotoa nuru hiyo.

Mahali pamoja katika orodha hiyo huitwa Cygnus X-1. Palikuwa pamekwisha kujulikana tangu mwaka 1964, lakini Uhuru ndiyo iliyoonyesha kwamba eksirei yake hubadilika upesi mno, katika muda usiofika sekunde moja. Kitu kikubwa hakiwezi kubadilika upesi hivyo. Basi wataalamu wakajua kwamba kinachoitoa nuru hiyo ni kidogo kwa umbo. Walipopima mwendo wa nyota iliyo jirani nacho, waliona kwamba kitu hicho kidogo kina uzito wa kupita kiasi. Hesabu za mwaka 2021 zaonyesha kwamba uzito wake ni kama wa majua 21. Hilo ndilo liitwalo shimo jeusi.

Shimo jeusi si shimo kama la kisima. Ni kitu kizito kilichojibana hata mvuto wake ukawa mkali kupita kiasi, na nuru yenyewe haiwezi kutoka. Mashimo ya namna ya Cygnus X-1 ni maiti ya nyota kubwa zilizokwisha moto wao na kujiangukia zenyewe. Msomaji atauliza: kisichotoa nuru huonekanaje? Jibu ni lile lile la wazee wetu, kwamba palipo na moshi hapakosi moto. Hewa ya nyota jirani ikivutwa na kuzunguka kabla ya kumezwa, hupata joto la mamilioni ya digrii, na joto hilo hutoa eksirei. Mwaka 2002 Riccardo Giacconi, aliyeongoza wataalamu wa Uhuru, alipewa Nishani ya Nobel. Na tarehe 10 Aprili, 2019, vituo vya kutazamia nyota katika pande mbalimbali za dunia, vilivyounganishwa viwe kama jicho moja, vikatoa picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi. Shimo hilo lina uzito wa majua bilioni 6 na nusu, na nuru yake ilianza safari ya kuja kwetu miaka milioni 55 iliyopita. Mwaka 2022 ikafuata picha ya shimo lililo katikati ya kundi letu wenyewe la nyota.

Sasa tuulize: Waitaliano waliojenga jukwaa lile walifuata nini Malindi? Hawakufuata upepo wa bahari. Dunia huzunguka, na penye mstari wa Ikweta ndipo mwendo wa mzunguko huo ulipo mkubwa kuliko pote, karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa hapo kuelekea mashariki hupata mwendo huo bure, kama vile mtupa mkuki apatavyo nguvu kwa kukimbia kabla ya kuutupa. Ukaribu na Ikweta ni mali, kama vile dhahabu na bandari zilivyo mali. Kati ya mwaka 1967 na 1988 roketi zilirushwa kutoka jukwaa lile, kisha jukwaa likanyamaza. Tarehe 15 Aprili, 2023, jirani zetu wa Kenya walipopeleka angani chombo chao Taifa-1, kilichobuniwa na wahandisi wao wenyewe, kilirushwa kutoka California, huko Marekani. Mlango wa mbinguni umo nyumbani, na mwenye nyumba anapitia kwa mbali. Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu. Twasema ili ijulikane kwamba kuwa na mali ni jambo moja, na kuwa na ujuzi wa kuitumia ni jambo jingine.

Tushuke sasa kutoka angani tuingie katika nyumba ya mfanyakazi, ambamo mtoto analala na homa. Mwaka 1880, nchini Algeria, daktari Mfaransa Alphonse Laveran aliona kwa darubini kijidudu cha malaria katika damu ya mgonjwa. Mwaka 1897, nchini Bara Hindi, Ronald Ross alikikuta kijidudu cha malaria ndani ya mbu. Hivyo adui alijulikana uso wake na mlango wake. Lakini kumjua adui si kumshinda. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000. Katika kila 100 kati yao, 95 walikuwa wa Afrika, na katika hao Waafrika karibu robo tatu walikuwa watoto wasiofika miaka 5.

Kwa nini chanjo ya malaria imechelewa hivi? Kwa sababu kijidudu hiki ni mjanja. Mbu akiuma, hutia vijidudu vichache pamoja na mate yake. Katika muda usiozidi saa chache huwa vimekwisha kuingia katika ini, na humo hujificha karibu juma zima, vikizaana kwa maelfu. Kisha hutoka kwa pamoja na kuingia katika damu vikiwa vimekwisha kubadili vazi lao; na hapo ndipo homa huanza. Walinzi wa mwili wanaojua vazi la kwanza hawalijui la pili. Wataalamu wakaamua kumkamata adui mlangoni, kabla hajaingia katika ini. Walichukua sehemu ndogo ya vazi lile la kwanza, wakaiunganisha na kitu kingine kisichodhuru, wakaitia mwilini ili walinzi wajifunze kumtambua mwizi kabla hajafika.

Kazi ya chanjo ya kwanza, iitwayo RTS,S, ilianza mwaka 1987. Shirika la Afya Duniani liliikubali tarehe 6 Oktoba, 2021. Ndugu msomaji, hesabu mwenyewe: ni miaka 34. Mwaka 2023 ikakubaliwa ya pili, iitwayo R21, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oxford na kutengenezwa kwa wingi huko Pune, India. Chanjo hizi hazikupimwa London wala New York. RTS,S ilipimwa kwa watoto 15,459 wa nchi 7 za Afrika: Bagamoyo na Korogwe, Kilifi na Siaya, na kwingineko. R21 nayo ilipimwa Bagamoyo na Kilifi, na katika nchi za Mali na Burkina Faso. Akina mama waliwabeba watoto wao mgongoni, wakaja kuchanjwa, wakarudi kupimwa damu, wakarudi tena, mwaka baada ya mwaka. Hao nao ni watu wa sayansi. Bila subira yao, chupa zile zingebaki kuwa maji tu, maana hakuna ambaye angejua kama zinafaa.

Yatupasa pia kusema kweli yote, kwa sababu mwananchi aliyedanganywa mara moja haamini mara ya pili. Chanjo hizi si ngao isiyopenyeka. Katika mahali kama Bagamoyo na Kilifi, R21 ilizuia homa za malaria kama 68 katika kila 100 katika mwaka uliofuata dozi tatu za kwanza. Kisha nguvu hupungua, na ndiyo sababu ya kuwa na dozi ya nne. Chandarua hakiondoki kitandani, wala dawa haiachwi. Hata hivyo, katika Malawi, Ghana na Kenya, ambako RTS,S ilianza kutolewa mwaka 2019, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa, kwa maradhi yote pamoja, vilipungua kwa 13 katika kila 100. Asiyeona ukubwa wa hesabu hiyo na aende akawaulize wazazi waliozika.

Lakini katika nchi hizo hizo ilionekana kwamba watoto waliofika kwa dozi ya nne walikuwa wachache kuliko wale walioanza. Hapo ndipo ulipo wajibu wetu wa kwanza. Mama anayefanya kazi ya kibarua akikatwa mshahara kwa siku aliyompeleka mtoto kliniki, hatarudi mara ya nne. Vyama vya wafanyakazi vidai ruhusa hiyo kwa waajiri, vidai bila haya. Na penye chanjo, viongozi wa mashina wanaojua kwa majina nani amelipa ada ya chama wajue pia kwa majina mtoto gani hajamaliza dozi zake.

Wajibu wa pili ni wa fedha. Mwaka 2001, mjini Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga kwa afya sehemu 15 katika kila 100 za bajeti zao. Mwaka 2021 Umoja wa Afrika ukaweka shabaha kwamba ifikapo 2040 Afrika itengeneze yenyewe chanjo 60 katika kila 100 inazozihitaji. Ahadi si dawa. Mwaka huo huo wa 2021, chanjo za korona zilipokuwa chache, tulijifunza nafasi ya Afrika katika foleni. Na mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipotangaza kwamba haitachangia tena shirika la Gavi linalozinunulia nchi maskini chanjo, tulijifunza upya. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wanachama waulize katika kila mkutano wa bajeti: tumetenga kiasi gani, na kimefika wapi?

Yuko atakayesema, "Chanjo nimekubali, lakini mwenye njaa na nyota wapi na wapi?" Tumjibu. Bwana Röntgen alipoigundua eksirei mwaka 1895 hakuwa anatafuta dawa ya kifua kikuu. Alikuwa anachunguza nuru. Vyombo vinavyozunguka dunia leo hupima mvua na kuonyesha madimbwi, na kwa ramani hizo maafisa wa afya wanaweza kujua malaria itazidi wapi kabla haijazidi. Na tuitazame India. Mpaka mwaka 1947 ilitawaliwa na Mwingereza yule yule aliyetutawala sisi. Leo kiwanda chake kinatengeneza chanjo ya malaria ya watoto wa Afrika. Na tarehe 23 Agosti, 2023, chombo chake kilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi, mahali ambapo hakuna taifa lililokuwa limetua kabla yake. Hawakuzaliwa na siri. Walisomesha watoto wao hesabu na sayansi, wakajenga vyuo, wakavumilia makosa: chombo chao cha mwaka 2019 kilianguka mwezini kikavunjika, wakatengeneza kingine.

Huo ndio wajibu wetu wa tatu. Shule isiyo na mwalimu wa hesabu ni hatari kwa taifa kama mpaka usio na askari. Wakati wa kupigania kujitawala tuliambiwa kwamba maadui zetu ni ujinga, maradhi na umaskini. Watatu hao hawakuondoka siku bendera ilipobadilishwa, na silaha ya kuwapiga ni hii tuliyoieleza leo. Nchi zetu zimekwisha kutoa bahari, zimetoa watoto wa kupimwa chanjo, zimetoa hata jina. Kilichobaki ni kutoa mafundi na wataalamu, na hao hawaagizwi kwa meli. Hulelewa nyumbani, kuanzia mtoto yule ambaye mwezi ujao anangojewa kliniki kwa dozi yake ya nne.