Betri Kuukuu ya Saa ya Mkono

Saa ya mkono yenye tarakimu, mfano wa Casio F-91W iliyotolewa mwaka 1989, haimwachi askari ghafula. Kwanza taa yake hufifia, kisha tarakimu hupauka, hata mlinzi wa usiku asiweze kujua zamu yake imebaki kiasi gani.

Kuibadili betri hakuhitaji fundi. Mgongoni mna skrubu 4. Bisibisi nyembamba yatosha, na kitambaa cheupe kitandikwe mezani zisipotee. Betri mpya iwe ya namba ileile, CR2016, nayo ilazwe kama ilivyolala ya kwanza. Mpira mwembamba wa kifuniko ukijikunja, maji ya mvua yataingia.

Lililo zito ni ile iliyotolewa, ambayo kwa kawaida huachwa dirishani. Betri iliyoshindwa kuendesha saa bado ina umeme wa kumwunguza mtoto. Ikikwama katika umio, umajimaji wa mwilini huunganisha pande zake mbili, nyama ikaanza kuungua ndani ya saa 2. Basi izungushiwe selotepu pande zote na kuwekwa mbali na watoto.

Aliyeimeza apelekwe hospitali mara moja, wala asitapishwe. Mtoto aliyetimiza mwaka 1, naye aweza kumeza, apewe njiani vijiko 2 vya chai vya asali kila dakika 10, visizidi mara 6. Lakini safari isingoje asali. Katika picha ya eksirei betri hufanana mno na sarafu, kwa hiyo daktari aambiwe mapema kilichopotea nyumbani, na namba yake.