Mashimo ya Barabarani Si Mgodi wa Umeme

Muhula uliopita, katika mjadala wa Chama chetu cha Kiswahili, mwenzangu mmoja wa Kidato cha Tatu alisimama akadai kuwa mashimo ya barabara zetu ni mgodi wa umeme. Eti huko ng'ambo wameunda shokamzoba zinazogeuza mtikisiko wa gari kuwa umeme, kwa hivyo barabara ikizidi kuwa mbovu, mavuno nayo yanazidi! Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Nilipoinua mkono nimjibu, kengele ikalia. Leo nimepata ukurasa, naye asinikasirikie.

Mgala muue na haki umpe. Vifaa hivyo vipo kweli. Gari likiingia shimoni, springi hubanwa kisha hufyatuka. Lau si shokamzoba, gari lingeendelea kurukaruka kama mpira. Ndani ya shokamzoba mna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye vitundu vidogo. Mafuta hayo hupata joto, na joto hilo hupotea hewani bure. Basi wavumbuzi wakajiuliza: kwa nini mwendo huo wa juu na chini usizungushe jenereta ndogo, mfano wa dinamo ya baiskeli, umeme ukaingia kwenye betri?

Mwaka wa 2009 wanafunzi wa chuo cha MIT kule Marekani walionyesha shokamzoba ya namna hiyo. Hawakuanza na maneno matupu. Walikodi magari ya aina mbalimbali, wakayafungia vipimo, wakazunguka nayo ili wajue ni nguvu kiasi gani inayopotea. Mwaka wa 2016 kampuni ya Audi ya Ujerumani nayo ikatangaza mtambo wake. Katika majaribio kwenye barabara za Ujerumani, mtambo huo ulitoa wastani wa wati 100 hadi 150. Kwenye barabara kuu iliyotoka kutiwa lami ulitoa wati 3 tu, lakini kwenye barabara mbovu ukafikia wati 613.

Nadhani hapo kwenye 613 ndipo mwenzangu alipotekwa. Mimi namwuliza swali moja tu: hizo wati 613 zilitoka wapi? Mwalimu wetu wa fizikia hachoki kutukumbusha kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, bali hubadilika umbo. Shimo halina nishati yoyote ndani yake. Kinacholiinua gari kutoka shimoni ni injini, na injini inakunywa mafuta yaliyonunuliwa kwa pesa. Aliyewahi kuendesha baiskeli usiku anajua jambo hili: ukiegemeza dinamo kwenye gurudumu, taa inawaka, lakini miguu nayo inaanza kulalamika. Kwa hiyo 613 si kipimo cha utajiri wa barabara mbovu. Ni kipimo cha hasara, na kifaa kinaokota sehemu yake tu.

Tufanye hesabu kidogo. Wati 150 kwa safari ya saa 8 ni yuniti 1.2 za umeme. Lita moja ya dizeli ina takriban yuniti 10 za nishati, lakini injini na alteneta hupoteza sehemu kubwa njiani. Kwa hesabu yangu, dereva ataokoa kati ya nusu lita na lita moja. Haba na haba hujaza kibaba, sikatai. Lakini je, nusu lita hiyo italipa tairi iliyopasuka? Itamrudishia mama mboga nyanya zilizopondeka kwenye tenga? Itamwambia nini mama mjamzito anayekimbizwa hospitalini huku gari likimrusha huku na huku? Hayo yote hayamo katika wati 613, na yote ni ya kweli.

Mtu ambaye mfuko wake umetoboka anaweza kutembea akiinama kuokota kila shilingi inayodondoka. Ni bora kuliko kuiacha. Lakini mwenye akili kwanza hutafuta sindano na uzi. Wahenga nao walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Je, nasema teknolojia hii itupwe? La hasha! Hata barabara nzuri ina matuta na viraka, na lori zito linalotoka shambani na mzigo litatikisika tu. Huko ndiko kifaa hiki kinakofaa, kwani gari likiwa zito, nguvu inayopotea huwa nyingi zaidi. Tena si jambo la kuwaachia wageni peke yao. Fundi wa jua kali hakosi shokamzoba kuukuu, na maabara yetu ina sumaku na waya wa shaba. Wenzetu wa Chama cha Sayansi, hebu tupimeni kama walivyopima wale wanafunzi wa MIT, kisha tuzungumze kwa takwimu badala ya makofi.

Lakini yeyote asije tena akatwambia kwamba shimo ni baraka. Siku basi letu litakaporuka na kichwa chako kugonga paa, kumbuka, ndugu yangu: mtikisiko huo umeshalipiwa, na waliolipa ni sisi.