Ertuğrul Sebuleni, Liyongo Kaburini

Wazee wetu wanaokaa barazani baada ya swala ya magharibi wana lawama moja isiyochakaa, nayo ni kuwa michezo ya televisheni ya kigeni imewateka vijana wa pwani hata Idi yenyewe huishia sebuleni. Lawama hii, ndugu msomaji, mimi naiona ni kweli nusu. Kutekwa wametekwa. Lakini pwani hii haijapata kuwa na siku ambayo haikutazama picha za watu wengine, na wazee haohao ndio waliokuwa wakisongamana kwenye dirisha la tikiti.

Juzijuzi baada ya Idi nilipata mapumziko ya siku nne. Nauli za Lamu zilikuwa zimepanda kama ilivyo desturi yake, nikaona bora nikae nyumbani hapa Mombasa nitazame kile ambacho jamaa zangu hutazama nisipokuwapo. Nilichokikuta ni zamu, mfano wa zamu za askari. Mchana kutwa ni picha za Kihindi, na mwenye kiti ni mama mkwe wangu. Jioni ni mchezo wa Kiswahili. Baada ya isha watoto huingia na Waturuki wao, na hapo hata kukohoa kunahitaji ruhusa.

Hizo za Kihindi zina nasaba ndefu kwetu. Mombasa ilikuwa na majumba ya sinema kama Regal na Naaz, na video zilipoingia katika miaka ya 1980, picha zikahama jumba zikaingia majumbani kwa akina mama. Mtafiti Minou Fuglesang, aliyekaa Lamu, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, Veils and Videos, kilichotoka mwaka 1994. Naye marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alichukua mahadhi ya sinema za Kihindi akayavika mashairi ya Kiswahili, na leo hakuna mwenye akili zake atakayesema ile si taarab yetu. Mama mkwe wangu hajui Kihindi hata cha kuombea maji, lakini hulia mahali panapostahili kulia. Hata hivyo hajapata kudhani kwamba Raj Kapoor anamsomesha historia. Ile ni picha, na ikimalizika huinuka akaenda kutazama chungu chake.

Hapo ndipo Waturuki wanapotofautiana na Wahindi, na hapo ndipo penye neno langu.

Mchezo wa Diriliş: Ertuğrul ulioneshwa na TRT, televisheni ya serikali ya Uturuki, kuanzia mwaka 2014 hadi 2019. Ni vipindi 150, na kila kipindi huchukua kama saa mbili. Ndani yake mna adhana, mna dua kabla ya vita, mna mama anayetiiwa, na mna shujaa asiyemuogopa mtu ila Mola wake. Kwa mzazi Mwislamu aliyechoka kurukia kifaa cha kubadilishia stesheni kila watu wanapoanza kukumbatiana, jambo hilo ni raha. Siwalaumu wazazi hata kidogo. Mimi mwenyewe nilikaa hadi saa sita za usiku.

Lakini siku ya tatu mwanangu wa miaka 11 alinitajia ukoo wa Osman, baba na babu, kama atajaye majirani wa mtaa wake. Nikamwuliza Fumo Liyongo ni nani. Akafikiri kwa adabu, kisha akauliza, "Baba, huyo anachezea timu gani?"

Sasa tutazame hayo aliyoyajua. Wataalamu wa historia wanasema habari za hakika za Ertuğrul ni chache mno. Jina lake limo katika sarafu ya mwanawe Osman, na masimulizi mengi yaliandikwa zaidi ya miaka 100 baada ya kufa kwake. Yaliyobaki yametungwa na waandishi wa mchezo, nao wana mkubwa wao. Mwaka 2012 Recep Tayyip Erdoğan alikasirika hadharani juu ya mchezo mwingine, Muhteşem Yüzyıl, uliomwonesha Sultani Suleiman zaidi ndani ya jumba la wanawake kuliko juu ya farasi. Miaka miwili baadaye akaja Ertuğrul, na huyu juu ya farasi hashuki.

Wengine duniani wamekwisha kuling'amua hilo. Mwezi wa Machi 2018 stesheni za MBC, zenye wenyewe Saudia, ziliiondoa michezo yote ya Kituruki. Februari 2020 Dar al-Ifta ya Misri ikaonya kuwa Uturuki inatumia michezo hiyo kueneza ushawishi wake. Mwaka huohuo, kwa himizo la Imran Khan, televisheni ya taifa ya Pakistan ikaanza kuuonesha kwa Kiurdu mwezi wa Ramadhani. Mchezo ni mmoja, Waislamu ni walewale. Huku umefungiwa mlango, kule umetandikiwa jamvi. Pwani yetu haikufunga wala haikutandika. Uliingia tu.

Kufunga sikutaki. Ninalolitaka ni kuwa na chetu cha kuweka kando yake. Wasituambie kuwa hatuna watu wa kuigiza, kwani mchezo wa jioni, Sultana wa Citizen TV ulioanza mwaka 2022, uliotengenezwa na Rashid Abdalla na Lulu Hassan, ulionesha kuwa Kiswahili cha pwani kinaweza kuikalisha Kenya nzima kitini. Tofauti ni kwamba Ertuğrul alilipiwa na serikali yake.

Na kisa tunacho. Utenzi wa Fumo Liyongo aliuandika Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Sultani wa Pate anamfunga Liyongo kwa hofu ya ufalme wake. Mama anaoka mkate wa wishwa, anaficha tupa ndani, na Saada anaupeleka. Walinzi wanakula mikate mizuri na kumwachia mfungwa wishwa wake. Usiku anaomba apigiwe gungu, na katika kelele za ngoma akata minyororo. Kisha mwanawe wa kumzaa anahadaiwa kwa ahadi ya kuozwa, anamchoma kitovuni na sindano ya shaba akiwa usingizini. Liyongo anainuka, anakwenda kisimani, anapiga goti na mshale wake upindeni, na hapo anakata roho. Mji mzima unashikwa na kiu kwa kumwogopa maiti, hata mama yake anapoletwa kumbembeleza.