Mashine ya Sarafu na Riziki ya Nyumba



Jamaa zetu waishio Kisii na Nyamira wanazijua mashine za kamari zinazowekwa katika vibanda na maduka ya vijijini, ambazo watu huziita za Wachina. Hulishwa sarafu ya shilingi 10 au 20. Mtoto aliyetumwa chumvi huifikia mashine kabla ya kuifikia chumvi.

Yafaa kila mama ajue zinavyofanya kazi. Ndani mna kompyuta ndogo ichaguayo nambari kwa nasibu. Kifungo kikibonyezwa, matokeo yamekwisha kuamuliwa. Taa na picha zizungukazo ni pambo tu. Mashine haina kumbukumbu: aliyeliwa mara 20 hajakaribia kushinda hata hatua moja, na ile "nusura nipate" ni kuliwa kamili.

Tuseme imepangwa kurudisha, kwa wastani, shilingi 90 katika kila 100. Mchezaji huzirudisha zile 90, zikabaki 81, kisha 73. Akifanya hivyo mara saba, hazitimii 48. Na mashine isiyo na leseni haina mkaguzi. Mwenyewe huipanga apendavyo.

Mwaka 2018 Fred Matiang'i, Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo na mzaliwa wa Nyamira, aliamrisha mashine haramu zikamatwe na kuharibiwa. Lakini amri ya serikali haitulindii mkoba wa nyumbani.

Wako waulizao: je, hapana namna ya kucheza kwa kiasi? Hesabu imekwisha jibu kabla ya fatwa. Nasi Waislamu tunayo Sura ya al-Maida, aya ya 90 na ya 91, ambako kamari imewekwa pamoja na ulevi, na uadui uletwao nayo ukatajwa.

Basi bonasi ya chai ipangiwe karo, chakula na deni kabla haijafika mkononi. Mtoto atumwaye dukani aulizwe chenji kwa upole, kila siku. Mume au kijana aliyenaswa asifedheheshwe mbele ya watu. Asaidiwe, ila deni lake alipwe mdai mwenyewe, asikabidhiwe yeye fedha. Na mashine ikionekana karibu na skuli, wazazi wamwendee chifu kwa pamoja, kwani sauti ya mmoja hupuuzwa.

Mwenyezi Mungu azitilie baraka riziki zetu za halali. Amin.