Kipimo cha Vinasaba Pekee Hakitoshi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake kadhaa nchini Ubelgiji waliharibikiwa figo baada ya kumeza vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene. Mmea uliokusudiwa, Stephania, ulikuwa umebadilishwa na Aristolochia, wenye sumu ya figo. Kipimo cha vinasaba kingeweza kuubaini mmea huo kabla haujasagwa.

Hata hivyo, kipimo hicho kina mipaka yake. Mwaka 2015, Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York, Marekani, alitumia vinasaba kuyabana maduka makubwa manne yaliyouza virutubisho vya mitishamba. Wataalamu wengi walimpinga, wakieleza kwamba mmea ukishachemshwa na kuchujwa, vinasaba vyake huweza kutoweka ilhali kemikali za tiba zimebaki. Isitoshe, vinasaba havifichui deksamethasoni au sildenafili iliyochanganywa kwa siri.

Kwa maoni yangu kama daktari wa figo, malighafi ipimwe vinasaba na bidhaa iliyokamilika ipimwe kemikali. Kimoja bila kingine ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Mhudumu wa afya mwenzangu, muulize kila mgonjwa, bila kumkaripia, anatumia nini zaidi ya dawa za hospitali. Nawe mgonjwa, njoo na kopo au pakiti yake. Usione haya: mficha maradhi kilio humfichua, na mficha dawa vivyo hivyo.