Ufunguo wa Faili la Ubatizo Anao Nani?



Tukiwa likizo huku Songambele, vijana wanaopenda usalama wa kompyuta hutuuliza kwanza namna ya kudukua. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imeshasema. Sisi tunaona swali la kwanza ni jingine: kwenye kompyuta yako mwenyewe, nani anaweza kusoma nini?

Chukueni ofisi ya parokia. Orodha ya wabatizwa imechapwa kwenye kompyuta ile ile anayotumia katibu, kwaya inayochapa nyimbo, na kijana aliyekuja kuhamisha picha za jubilei. Kanuni ya 487 ya Sheria za Kanisa inataka nyaraka za jimbo zifungiwe, ufunguo wawe nao askofu na chansela tu. Ndani ya kompyuta ufunguo huo uko wapi?

Kwenye Linux, fungua terminali, lile dirisha la maandishi matupu. Andika whoami, utaambiwa umeingia kwa jina la nani. Amri ya pwd inataja folda uliyomo, cd inakuhamisha. Kisha andika ls -l, na hapa usiwe na haraka. Mbele ya kila faili utaona kitu kama -rw-r--r--. Ruka alama ya kwanza, zinazobaki zisome tatu tatu: mwenye faili, kundi lake, na watumiaji wengine wote. Herufi r ni kusoma, w ni kuandika, x ni kuendesha programu. Kwa hiyo faili hilo liko wazi hata kwa mwanakwaya. Ukiandika chmod 600 na jina la faili, anabaki mwenyewe tu. Lakini ofisi nzima ikitumia akaunti moja, amri hiyo ni bure, maana kila mtu ndiye mwenye faili! (Amri ya rm iacheni kwanza, ikifuta, hakuna pipa la taka la kuokotea.) Kwenye Windows, whoami ipo pia, na ruhusa huonyeshwa na icacls.

Wapo wanaosema haya si ya mseminari. Hatukubaliani nao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu imani ya mtu na habari za watoto kuwa taarifa nyeti, na orodha ya ubatizo ina vyote viwili. Likizo ijayo, kabla ya kuomba nywila ya intaneti ofisini, tumwombe katibu dakika kumi tufungue naye akaunti yake peke yake.